Kutoka Kamalondo mpaka Katuba: ua la dirishani na hewa ya nyumba zetu

Safari tunayowasimulia juma hili haikuhitaji tikiti wala mzigo. Tulitembea kwa miguu katika mji wetu wenyewe, Lubumbashi, tangu Kamalondo mpaka Kenya, na tangu Kenya mpaka Katuba, tukipiga hodi kwa wanachama wenzetu. Tulikwenda kutazama kitu kimoja: mmea ule wa majani marefu membamba, ya kijani yenye mstari mweupe, unaoning'inia kwenye madirisha ya nyumba nyingi. Kwa Kifaransa unaitwa plante araignée, mmea wa buibui, kwa sababu vitoto vyake vinaning'inia kwenye nyuzi kama buibui. Wataalamu wa mimea wanauita Chlorophytum comosum. Kwetu wengi wanasema tu "lile ua la dirishani".

Tulikuwa na sababu mbili. Ya kwanza, wamama wengi waliuliza katika mkutano namna ya kuutunza wakati wa kiangazi, maana ncha za majani zinakauka na kuwa rangi ya kahawia. Ya pili ni nzito zaidi. Wauzaji wa miche kando ya barabara wanasema kwamba mmea huu unasafisha hewa ya nyumba, na wako wamama wanaosema kwamba tangu wauweke chumbani hawana tena hofu ya kuingiza mbabula ndani usiku wa baridi. Neno hilo lilitutia wasiwasi. Tukasema twende tuone.

Kwanza tuukumbuke mji wenyewe, kwa sababu mmea unaishi kwa hali ya hewa ya mahali. Lubumbashi uko juu, karibu mita 1,200 kutoka usawa wa bahari. Mvua zetu zinanyesha hasa tangu mwezi wa kumi na moja mpaka wa tatu au wa ine. Halafu mbingu zinafungwa, na kwa miezi mingi tunaona vumbi jekundu tu. Mwezi wa sita na wa saba mchana kuna jua zuri, lakini usiku baridi inaingia mpaka mifupani. Kwa hiyo ua la ndani katika mji wetu lina shida tatu: ukavu, vumbi na baridi ya usiku. Anayetaka litunzike lazima ajue mambo hayo matatu.

Kamalondo ni komini ya zamani. Nyumba nyingi ni za matofali, zimesongamana, nyingine zina madirisha madogo na baraza mbele. Katika nyumba ya kwanza tulikuta mmea umewekwa katikati ya dirisha linalotazama magharibi. Majani upande wa kioo yalikuwa yamefifia, mengine yana alama kama ya kuungua. Mwenye nyumba alitukaribisha akasema, "Wamama, mimi nalipa jua lote, lakini halifurahi." Nkambo mmoja aliyekuwa pamoja nasi alicheka, akamjibu: "Mwanangu, hili si hindi. Lina haja ya mwanga, halina haja ya kukaangwa."

Ndivyo ilivyo. Mmea huu unapenda mwanga mwingi usiokuwa jua kali la moja kwa moja. Dirisha linaloingia jua la asubuhi ni zuri. Kama dirisha ni la jua la alasiri, usogeze nyuma hatua moja au mbili, au uweke pazia jepesi katikati. Chumba chenye giza hakitauua mara moja, lakini utakuwa mwembamba, mstari mweupe utafifia, wala hautazaa vitoto. Na usiku wa mwezi wa sita, usiuache majani yakigusa kioo. Kioo ni baridi kuliko chumba, na majani yake ni teketeke kwa sababu yamejaa maji.

Katika nyumba ya pili pale Kamalondo, dada mmoja aliuliza, "Ua hili la Wazungu lilifikaje kwetu?" Tukafurahi kumjibu, maana wengi wanaamini hivyo. Ua hili si la Wazungu. Ni la Afrika, linaota lenyewe kusini mwa bara na katika nchi za joto za Afrika, chini ya kivuli cha miti. Mtaalamu Msweden Carl Peter Thunberg, aliyekuwa ametembea Afrika Kusini, ndiye aliyeliandika kwanza katika vitabu vya elimu ya mimea, mwaka 1794. Huko Ulaya lilipendwa likawekwa majumbani. Goethe, yule mwandishi mkubwa wa Ujerumani, alilifuga nyumbani kwake Weimar na kushangaa namna linavyotoa watoto hewani. Kwa hiyo likitujia leo katika mfuko mweusi wa plastiki kama kitu cha kigeni, tulipokee kama ndugu aliyetoka safari ndefu.

Toka Kamalondo tuliingia komini ya Kenya. Karibu na soko, kila kitu kina kazi ya pili: kopo la maziwa linakuwa kipimo cha karanga, bidoni ya mafuta inakuwa ya maji, ndoo iliyopasuka inakuwa chungu cha ua. Hapo tulijifunza kwamba chungu cha madukani si lazima. Mama mmoja muuza sombe ana mimea sita, yote katika makopo ya maziwa ya watoto yaliyotobolewa matundu chini kwa msumari. Matundu ndiyo siri. Mizizi ya mmea huu ni minene, myeupe, kama vihogo vidogo, nayo inaweka akiba ya maji. Ndiyo maana unavumilia kusahauliwa juma zima. Lakini ukikaa katika maji yasiyo na njia ya kutoka, vile vihogo vinaoza, majani yanalegea, na mama anadhani una kiu, anazidi kuumwagilia. Mimea mingi ya ndani inakufa kwa huruma ya namna hiyo kuliko kwa kiu.

Mama huyo alituonyesha kipimo chake. Anachomeka kidole katika udongo mpaka kiungo cha kwanza. Kama ni pakavu, anamwagilia mpaka maji yatoke chini. Kama kuna ubichi, anaacha. Wakati wa mvua na joto inaweza kuwa mara mbili kwa juma. Mwezi wa saba, mara moja inatosha. Halafu anamwaga maji yote yaliyobaki katika kisahani. Sababu si mizizi tu. Maji yanayotulia ni nyumba ya mbu, na sisi wenye watoto hatuna haja ya kufuga mbu chumbani kwa ajili ya ua.

Ukisimama mahali palipo wazi katika mji wetu, unaliona lile bomba refu la kiwanda cha shaba na kile kilima cheusi cha masalio yake. Ni picha ya mji wetu. Watoto wanaichora shuleni. Lakini inatukumbusha jambo la udongo. Shaba ilianza kuyeyushwa hapo mwaka 1911, na kwa miaka mingi moshi ulipelekwa na upepo juu ya upande ule wa Penga Penga. Madini yalishuka katika ardhi mpaka majani na miti ikashindwa kuota, ardhi ikabaki uchi. Watafiti wa kilimo wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wamefanya kazi kubwa huko, wakijaribu kupanda miti na majani yanayovumilia shaba, na kutia chokaa na mboji ili ardhi ipone.

Ndiyo maana tunawaomba: msichote udongo wa vyungu karibu na viwanda, karibu na kilima kile, wala kando ya barabara ambapo magari ya madini yanapita. Mmea utadhoofika, lakini si hilo tunaloliogopa zaidi. Chungu cha ndani kiko mahali mtoto anapotambaa, na mtoto anayetambaa anatia vidole udongoni, halafu mdomoni. Udongo wenye madini si wa kuingiza chumbani. Tumia udongo wa bustani unayoijua, ule mweusi uliooza kwa majani. Wengine wanapenda udongo wa kichuguu. Ni mzuri, una rutuba, lakini unashika maji sana kama matofali. Ukiutumia, changanya na mchanga wa mto na mboji, sehemu sawa sawa. Mbolea ya dukani usizidishe. Chumvi yake inapojaa katika chungu, ncha za majani zinaungua.

Tulifika Katuba jua likiwa limepita kichwani. Huko maji ni hesabu ya kila siku. Mabinti wanapanga bidoni kwenye bomba, na mama anayelea watoto sita hawezi kulipa ua maji kabla ya watoto. Tuliuliza wanafanyaje. Wakatujibu kwamba ua linakunywa baada ya watu: maji ya kusafishia mchele au lenga-lenga, yasiyo na chumvi wala sabuni, ndiyo yanayomwagiliwa. Ni desturi nzuri. Na wakati wa mvua wanaweka beseni chini ya mabati, maana maji ya mvua yanaupendeza mmea huu kuliko maji ya bomba yenye dawa. Maji ya bomba yanaweza kutumika, lakini ncha za majani zinaweza kukauka upesi zaidi.

Hapo Katuba ndipo tulipojibu lile swali la ncha za kahawia. Katika kiangazi chetu hewa ni kavu mno, na ncha ya jani ndiyo mwisho wa safari ya maji. Si ugonjwa. Kata ile ncha kwa makasi safi, kwa mshazari ili jani libaki na umbo lake, bila kuingia sana katika sehemu ya kijani. Mara moja kwa juma pangusa majani kwa kitambaa kibichi, maana vumbi letu jekundu linafunga mwanga. Ukiona vitu vyeupe kama pamba kwenye shina, ni wadudu: wapanguse kwa kitambaa chenye maji ya sabuni kidogo, rudia kila baada ya siku chache. Na kama mizizi imejaa mpaka inasukuma udongo juu, au maji yanapita bila kukaa, hamisha mmea katika kopo kubwa kidogo, hasa mvua zinapoanza. Wenye watoto wadogo wasiogope: majani yake hayahesabiwi kuwa na sumu. Mtoto au paka akitafuna jani, shida yake itakuwa tumbo kuchafuka.

Sasa tufike kwenye lile neno zito. Katika nyumba moja ya Katuba tulikaribishwa chumbani. Chumba kilikuwa safi, kina kitanda kimoja na mikeka ya watoto, na juu ya sanduku mimea miwili mizuri ajabu, yenye vitoto vinavyoshuka mpaka chini. Pembeni kulikuwa na mbabula yenye majivu ya jana. Mama akatuambia bila kuficha: "Usiku baridi ni kali, watoto wanakohoa. Nawasha makala nje, yakishakuwa mekundu naingiza, nafunga mlango. Moshi umekwisha, na haya maua yanavuta ule uliobaki. Ndivyo aliyeniuzia alivyosema."

Hatukumlaumu. Baridi ya watoto inamuumiza kila mzazi. Lakini tulikaa naye chini tukazungumza, na maneno tuliyomwambia tunayaandika hapa kwa kila mama.

Sifa ya kusafisha hewa ina asili yake. Katika miaka ya 1980, mtafiti wa Marekani Bill Wolverton, aliyefanya kazi na shirika la anga la NASA, aliweka mimea ya ndani, na huu wetu ukiwamo, katika masanduku madogo yaliyofungwa kabisa. Alitia hewa chafu, na baada ya muda akakuta imepungua. Habari ikaenea dunia nzima, na kila muuzaji akaishika. Lakini nyumba si sanduku lililofungwa. Mwaka 2019 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Drexel, huko huko Marekani, walikusanya majaribio ya namna hiyo wakapiga hesabu upya kuhusu mivuke ya rangi, gundi na vitu vya namna hiyo. Wakaona kwamba, ili mimea ifanye kazi sawa na ile hewa ya nje inayoingia na kutoka, ingehitajika kati ya 10 na 1,000 kwa kila mita moja ya mraba ya sakafu.

Tufanye hesabu yetu. Chumba cha mita tatu kwa tatu ni mita tisa za mraba. Kwa hesabu ile ya chini kabisa ni mimea 90. Watoto wangelala wapi? Na hiyo ni mivuke ya rangi tu. Mbabula ni moto unaotoa sumu saa zote unapowaka.

Makala yanapowaka yanatoa gesi inayoitwa monoksidi ya kaboni. Haina harufu, haina rangi, haikoholeshi. Makala yakiwa mekundu bila moshi, gesi hiyo bado inatoka, tena chumba kilichofungwa kinaijaza upesi. Inaingia katika damu na kuchukua nafasi ya hewa njema. Mtu anaumwa kichwa, anasikia kizunguzungu, anataka kutapika, viungo vinalegea. Aliyelala hasikii dalili hizo. Anaweza kupita toka usingizini mpaka mautini bila kuamka. Watoto wachanga na wamama wenye mimba ndio walio katika hatari kubwa zaidi. Hakuna ua linalozuia jambo hilo, hata mkijaza chumba.

Basi tulikubaliana na yule mama mambo haya, na tunawaomba nanyi mkubaliane nayo. Mbabula hailali ndani. Ikiwa ni lazima kupika ndani kwa ajili ya mvua, mlango na dirisha viwe wazi. Kuipasha nyumba joto, fanyeni mapema jioni, milango ikiwa wazi, halafu mtoe mbabula nje kabisa kabla ya mtu yeyote kulala. Watoto walale pamoja, wavae soksi na kofia, blanketi ziongezwe. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri na kufunikwa kwa kitambaa inaweza kupasha kitanda kabla mtoto hajaingia. Mtu akiumwa kichwa na kulegea penye makala, mtoeni nje mara moja, fungueni kila mahali, mpelekeni hospitalini hata kama anasema amepata nafuu.

Yule mama alinyamaza kidogo, halafu akauliza: "Kama halisafishi hewa, ua langu lina kazi gani?" Swali zuri. Mwenzake mmoja ndiye aliyemjibu: "Lina kazi ya kukufungulia dirisha. Kila asubuhi lifungulie lipate mwanga, nawe utapata hewa." Sisi sote tukakubali. Dirisha linalofunguliwa kila siku ndilo linalosafisha nyumba.

Na kazi nyingine ya ua hili tuliiona kila mahali tulipopita. Katika safari yote hatukukuta mama aliyelinunua zaidi ya mara moja. Linazaa lenyewe. Siku zinapofupika kidogo, kama katika kiangazi chetu, na mizizi ikiwa imejaa chunguni, linatoa nyuzi ndefu zenye maua madogo meupe, halafu kwenye ncha vinatokea vitoto vyenye majani na vinundu vya mizizi. Chukua kopo dogo lenye udongo, liweke karibu na mama yake, ukilaze kitoto juu ya udongo bila kukikata, ukikandamize kwa kijiti kilichopindwa. Baada ya majuma matatu hivi kikishika, kata uzi. Au kikate na kukiweka kwenye gilasi, maji yaguse vinundu tu. Mizizi itaonekana baada ya juma moja au mawili. Maji hayo badilisheni kila siku mbili tatu, kwa sababu ile ile ya mbu.

Wako kati yetu waliohama kwa vita, kwa kodi iliyopanda, kwa ndoa au kwa kazi ya baba. Kitanda hakibebeki kila mara, lakini kopo moja lenye kitoto cha ua linaingia hata katika kikapu. Mama mmoja wa Katuba anao mmea alioupata kwa jirani wa zamani. Jirani amekwenda mbali, ua limebaki likizaa mlangoni pake.

Kwa hiyo tunaleta pendekezo katika vikundi vyote. Kama tunavyofanya likelemba ya pesa, tufanye likelemba ya ua hili. Kila mkutano mama mmoja, kwa zamu, alete kitoto kimoja kilichokwisha kushika katika kopo lenye matundu, ampe mwenzake asiye nacho. Na anayetoa asitoe ua peke yake. Atoe pamoja na maneno matatu: mwanga bila jua kali, maji kidogo, na mbabula nje. Likifika nyumba ya mwisho katika kikundi, neno hilo litakuwa limefika pia, kabla baridi ya mwezi wa sita haijarudi.